Tanuri Moja kwa Mtaa Mzima

Msikilizaji, mji wa Kerman uko kusini-mashariki mwa Iran, jirani na jangwa la Lut, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,750 kutoka usawa wa bahari. Kiangazi jua la huko linaunguza, na usiku wa majira ya baridi maji yanaganda. Anayejenga mahali kama hapo hatoshelezwi na kivuli peke yake, kwa sababu joto analolikimbia mwezi wa saba atalitafuta kwa udi na uvumba mwezi wa kwanza. Katika mji huo, mwaka 1611, Ganj Ali Khan, gavana wa mfalme wa Iran, Shah Abbas, alijenga hamamu ya umma, yaani nyumba ya kuogea. Mpaka leo imesimama, ingawa sasa ni makumbusho.

Wageni huipiga picha kwa ajili ya vigae na michoro yake. Mimi ningeanza na mlango. Unaingia kutoka sokoni, na hamamu yenyewe huioni. Unachokiona ni ujia unaopinda, na kila kona ina kazi: upepo wa nje haupigi moja kwa moja hadi ndani, na joto la ndani halitoroki lote mlango unapofunguliwa. Ujia huo unakutoa kwenye ukumbi wa kuvulia nguo, wenye kuba refu juu na birika la maji katikati, na pembeni yake vibaraza sita. Vibaraza hivyo vilikuwa na wenyewe. Masharifu walikaa kwao, mashekhe kwao, wakubwa wa serikali, wafanyabiashara, watu wa sokoni na wakulima vilevile. Nadhani wakishabaki na shuka kiunoni, kuwatofautisha kulikuwa kazi.

Kutoka hapo unapita ujia mwingine wa kupindapinda, wenye vuguvugu, ndipo unafika chumba cha moto. Mwili hauruki kutoka hewa moja kwenda nyingine, unapandishwa daraja kwa daraja na kushushwa hivyohivyo.

Hamamu za nchi ile kwa kawaida zilichimbiwa chini ya usawa wa barabara, kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja. Maji yalikuja kwa mifereji ya chini ya ardhi iliyochimbwa kutoka miguuni mwa milima, nayo yaliteremka yenyewe bila pampu, basi jengo likayafuata huko chini. Na udongo unaozunguka jengo haujui kiangazi wala baridi sana. Juu, makuba yana matundu yaliyofunikwa vioo vinene, mwanga unaingia na mvuke unabaki. Nyuma ya ukuta kuna tanuri, na moshi wake haukuachwa uende zake. Ulipitishwa kwanza kwenye mifereji chini ya sakafu, ambayo Wairani wanaiita njia za paka, ukapasha mawe, ndipo ukaruhusiwa kupanda dohani.

Birika lile la ukumbini nalo si pambo. Lita moja ya maji ikikauka hewani hubeba joto takriban mara saba ya lile unalolitumia kuichemsha lita hiyohiyo. Katika hewa kavu ya jangwani maji hukauka upesi, na hewa inayoyagusa inapoa. Kwa hiyo mtu wa Kerman aliweza kukaa kibarazani akanywa chai katika ubaridi, hatua chache kutoka kwenye chumba cha mvuke.

Sasa nifike ninapotaka. Jengo la aina hii lina kuta nene mno, na kuzipasha kuta hizo kutoka baridi kunakula kuni nyingi. Zikishashika moto, kuzidumisha ni nafuu. Tanuri likizimwa na kuwashwa kila mara, umekula hasara. Maana yake, hamamu inahitaji watu, wengi, wanaokuja kwa zamu tangu alfajiri. Umma ndio unaofanya hesabu ya kuni ikubali. Watu wa Marrakech, huko Moroko, wanalielewa hili mpaka tumboni: nyama ya tanjia hutiwa kwenye mtungi wa udongo, ikapelekwa kwa mwangalizi wa tanuri la hamamu, ikaiva taratibu ndani ya majivu kwa saa nyingi. Moto mmoja unaogesha mtaa na kupika chakula chake.

Zanzibar tunazo sampuli mbili za hamamu. Kidichi, Sultani Sayyid Said alimjengea moja mkewe Shahrazad, mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, mwaka 1850. Mji Mkongwe, Sultani Barghash akawajengea watu hamamu iliyoupa mtaa wa Hamamni jina lake. Zote mbili zimepoa zamani. Lakini tusiige kila kitu cha Kerman. Hewa ya pwani yetu imeshajaa unyevu. Birika la ukumbini haliwezi kuipoza kama linavyoipoza hewa ya Kerman. Huku tunahitaji madirisha na upepo wa bahari.

Wala nisiisifu hamamu ya kale kupita kiasi. Watu wengi walijitosa katika tangi moja la maji moto, na maradhi ya ngozi na macho yakapata usafiri wa bure. Ndiyo maana katika karne ya 20 Iran iliyaondoa matangi hayo ikaweka bomba za mvua. Kuni nazo zimekuwa balaa kwa misitu, ingawa huko Moroko baadhi ya matanuri yanachoma masalia ya zeituni yaliyokamuliwa, na juani kama kule paa lenyewe lingeweza kupasha maji. Balaa kubwa zaidi ni visima virefu vya pampu, vilivyoshusha maji ya ardhini na kuiacha mifereji mingi ya Iran mikavu.

Kwa hiyo msanifu akiniletea leo mchoro wa hamamu kwa mji wa jangwani, picha ya kuba nitaiweka kando kwanza. Nitauliza kiingilio ni shilingi ngapi, maana kikimshinda mchukuzi wa sokoni, kuta zitapoa. Kisha nitatafuta kwenye karatasi yake mfereji unaotoa maji yaliyokwisha kuoga watu na kuyafikisha, yakishachujwa, kwenye miti ya kivuli cha mtaa. Kama haupo, namrudishia karatasi yake.