Arobaini Kabla ya Thelathini na Tisa

Mhadhara wa umma kwa wanafunzi wa kemia



Kila aliyepita kidato cha pili katika shule zetu amekutana na elementi ishirini za mwanzo, kuanzia hidrojeni hadi kalsiamu. Wengi walizikariri kwa wimbo, na wengi wakazisahau wiki moja baada ya mtihani. Leo naomba tutazame mbili tu kati ya hizo, ya kumi na nane na ya kumi na tisa: arigoni na potasiamu. Kwenye orodha ya uzani atomia mnayopewa kwenye karatasi ya mtihani, arigoni imeandikiwa 40 na potasiamu 39. Pitisheni kidole kutoka hidrojeni mpaka kalsiamu: namba zinapanda bila kusita, isipokuwa hapo. Hapo peke yake, mzito ametangulia mwepesi.

Sisi walimu tumezoea kupapita haraka. Mwanafunzi akiuliza, huambiwa kwamba elementi hupangwa kwa namba atomia, basi, tuendelee na somo. Jibu hilo ni sahihi, ila halijajibu kitu. Namba atomia yenyewe imetoka wapi? Na kwa nini arigoni iwe nzito kiasi hicho? Nitawaeleza kwamba anayetaka kujua atomu ilivyo ndani hana mahali pazuri pa kuanzia kuliko hapo panapoonekana pamekosewa.

Kwanza, kwa nini tusizibadilishe nafasi tu, 39 ikakaa mbele ya 40? Mliowahi kushika potasiamu maabara mnajua jibu. Hutunzwa ndani ya mafuta ya parafini isiguswe na hewa wala unyevu. Ukiikata kwa kisu, ni laini, na sehemu iliyokatwa hung'aa kama fedha kwa sekunde chache kabla ya kufifia. Kipande kidogo kuliko punje ya mchele kikitupwa kwenye beseni la maji hukimbia huku na huku juu ya maji kikivuma, hidrojeni inayotoka hushika moto, na moto wenyewe ni wa rangi ya zambarau. Maji yaliyobaki hugeuza litimasi nyekundu kuwa bluu. Tabia hiyo ni ya ukoo wa lithiamu na sodiamu, hakuna ubishi. Arigoni kwa upande wake haiungani na kitu. Ilipogunduliwa, sampuli yake ilipelekwa Ufaransa kwa Henri Moissan, aliyekuwa bingwa wa florini, gesi kali kuliko zote kwa kuunguza na kuungana. Hata florini haikuifanya kitu. Mkizibadilisha nafasi, mtakuwa mmeiweka gesi isiyojali chochote katika safu ya metali zinazowaka majini.

Dmitri Mendeleev hakukutana na tatizo hili mwaka 1869, alipotoa jedwali lake kule St. Petersburg, kwa sababu arigoni ilikuwa bado haijajulikana. Elementi zilizojulikana zilikuwa 63. Yeye alizipanga kwa uzani, lakini tabia ya elementi ilipopingana na uzani, alisikiliza tabia. Teluriamu ni nzito kuliko iodini, naye akaiweka teluriamu mbele hata hivyo, maana iodini ni ndugu wa klorini na bromini, kila mwanakemia aliliona hilo. Akaeleza kwamba uzani wa teluriamu umepimwa vibaya. Hapo alikosea, uzani ulikuwa sawa. Lakini nafasi aliyoichagua ilikuwa sahihi, na huo ni ujasiri ambao vitabu vyetu vya shule haviuelezi vya kutosha. Mwaka 1875 Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran alipogundua galiamu na kutangaza kwamba msongamano wake ni 4.7, Mendeleev, ambaye hakuwahi kuiona metali hiyo kwa macho, alimwandikia kwamba inapaswa kuwa karibu 5.9, asafishe sampuli apime tena. Akasafisha, akapima: 5.9. Skandiamu ikafuata mwaka 1879 na jerimaniamu mwaka 1886, zote zikiingia kwenye nafasi ambazo alikuwa ameziacha wazi.

Kisha ikaja arigoni. Lord Rayleigh wa Uingereza alikuwa akipima uzito wa nitrojeni kwa uangalifu wa kuchosha. Nitrojeni aliyoitoa hewani ilikuwa na gramu 1.2572 kwa lita. Iliyotengenezwa kwa njia za kikemia ilikuwa na gramu 1.2505. Tofauti ni nusu ya asilimia moja. Mtu mwingine angelaumu mizani. Rayleigh hakulaumu mizani, na mwaka 1894 yeye na William Ramsay wakatangaza kwamba ndani ya hewa tunayovuta kila siku kulikuwa na gesi ambayo hakuna aliyeifahamu. Ni karibu asilimia moja ya hewa yote, nyingi kuliko kaboni dioksidi, na ilikuwa imewapita wanasayansi wote. Jedwali halikuwa na nafasi yake. Mendeleev mwenyewe alishuku kwamba huenda ni nitrojeni yenye atomu tatu kwenye molekuli. Ramsay alipoendelea kupata nyingine za aina hiyo, heliamu, neoni, kriptoni na zenoni, ikabidi iongezwe safu nzima pembeni, na arigoni ikakaa kati ya klorini na potasiamu, na 40 yake, kinyume na kanuni.

Kufikia hapo, angalieni, hakuna aliyekuwa anajua atomu ina nini ndani. Jedwali lilitangulia atomu. Elektroni ilitambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897. Kiini kilitambuliwa na Ernest Rutherford mwaka 1911, baada ya wasaidizi wake, Geiger na Marsden, kurusha chembe za alfa kwenye bati jembamba la dhahabu na kuona chache sana zikirudi zilikotoka. Mwaka huohuo wa 1911, Antonius van den Broek, mwanasheria wa Uholanzi ambaye fizikia kwake ilikuwa kazi ya mapumziko, alianza kulihusisha jambo hili na jedwali: chaji ya kiini ikalingana na nambari ya nafasi ya elementi. Lilikuwa wazo tu. Hakuwa na kipimo.

Aliyeleta kipimo ni Henry Moseley, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu jaribio lake ni mojawapo ya yale ambayo mtu mwenye mikono mizuri anaweza kuyaelewa bila hesabu nyingi. Ukirusha elektroni kwa kasi kwenye metali, metali hutoa eksirei, na kila elementi ina eksirei zake maalumu zenye marudio yake. Tatizo la vitendo ni kwamba bomba lazima litolewe hewa yote, na ukilifungua kila unapobadilisha sampuli, unapoteza saa nyingi ukiitoa upya. Moseley akapanga vipande vya elementi kwenye kigari kidogo kinachoteleza juu ya reli ndani ya bomba lenyewe, akakivuta huku na huku kwa uzi wa hariri, ule wa kuvulia samaki. Kipande kikifika mbele ya miali, anapiga picha. Anavuta uzi, kinakuja kingine. Hivyo ndivyo alivyopima, mwaka 1913, kuanzia kalsiamu hadi zinki.

Alipochukua kipeuo cha pili cha marudio ya mstari mkuu wa kila elementi, alipata kitu ambacho maumbile hayatupi mara nyingi: hatua zinazolingana. Kutoka elementi moja hadi inayofuata, ongezeko ni lilelile. Uzani atomia unaruka ovyo, mara tatu, mara moja, mara nne. Hiki kinapanda moja moja. Kobalti ikatoka 27 na nikeli 28, ingawa kobalti ndiyo nzito zaidi. Katika makala yake ya 1914 klorini ni 17 na potasiamu ni 19. Arigoni hakuipima, lakini nafasi ya 18 ilikuwa inaisubiri. Ubishi ukaisha. Tena akaonyesha wapi pana pengo: hapakuwa na elementi ya 43, ya 61 wala ya 75. Zote zilipatikana baadaye, ya 75 mwaka 1925, ya 43 mwaka 1937, ya 61 mwaka 1945. Yeye hakuziona. Aliuawa kwa risasi Gallipoli, Uturuki, tarehe 10 Agosti 1915, akiwa afisa wa mawasiliano katika jeshi la Uingereza. Alikuwa na miaka 27.

Namba aliyoipima ndiyo tunayoiita leo namba atomia: idadi ya protoni ndani ya kiini. Protoni 18, hiyo ni arigoni, iwe nyepesi au nzito. Na kwa kuwa atomu isiyo na chaji ina elektroni sawa na protoni zake, arigoni ina elektroni 18, zilizopangwa 2, 8, 8. Potasiamu ina 19, zilizopangwa 2, 8, 8, 1. Elektroni hiyo moja ya nje, iliyo mbali na kiini na kuachiliwa kirahisi, ndiyo iliyowasha moto kwenye beseni.

Mwanafunzi makini atanisimamisha: mwalimu, umetufundisha kwamba tabaka la tatu huchukua elektroni 18, mbona potasiamu imeanza tabaka la nne wakati la tatu lina nane tu? Swali hili ni zuri kuliko majibu linayopewa kwa kawaida. Duara tunazochora ubaoni zinatudanganya. Tabaka la tatu lina vyumba vya aina tatu, na aina ya tatu, inayochukua elektroni kumi, katika potasiamu ina nishati ya juu kuliko chumba cha kwanza cha tabaka la nne. Elektroni ya kumi na tisa huenda kwenye nishati ya chini zaidi iliyo wazi. Kalsiamu hufanya vilevile. Kuanzia skandiamu ndipo vile vyumba vya elektroni kumi vinaanza kujazwa, na ndiyo maana katikati ya jedwali pana zile safu kumi za metali ambazo vitabu vya kidato cha pili huziruka.

Tabia ya elementi, basi, inatoka kwenye elektroni, na elektroni zinahesabiwa na protoni. Uzani hauna kauli hapo. Uzani unategemea pia nyutroni, alizozigundua James Chadwick mwaka 1932, na elementi moja huweza kuwa na atomu zenye nyutroni tofauti, isotopu, kama Frederick Soddy alivyokwisha kusema mwaka 1913. Uzani atomia kwenye jedwali ni wastani wa mchanganyiko tunaoukuta hapa duniani.

Sasa turudi kwenye swali la pili: kwa nini arigoni iwe nzito kiasi hicho? Katika Jua, arigoni iliyo nyingi ni ile ya 36. Kama wastani wetu ungetoka huko, klorini ingekuwa 35.5, arigoni kama 36, potasiamu 39, na jedwali lingenyooka lenyewe. Lakini katika hewa ya dunia zaidi ya asilimia 99 ya arigoni ni ya 40. Imetoka wapi? Imetoka kwa jirani yake. Katika kila atomu elfu kumi za potasiamu, moja hivi ni potasiamu-40, ambayo ni nururifu. Nusu yake huvunjika katika miaka bilioni 1.25. Nyingi hugeuka kalsiamu, lakini takriban 11 kati ya 100 hufanya jambo jingine: protoni moja ndani ya kiini humeza elektroni ya tabaka la ndani na kuwa nyutroni. Protoni 19 zinakuwa 18, uzani unabaki 40. Potasiamu imekuwa arigoni. Carl Friedrich von Weizsäcker alilipendekeza hilo mwaka 1937, na miamba ikathibitisha baadaye. Hata ninyi mliokaa hapa: mtu mzima ana potasiamu ya kutosha mwilini kwamba kila sekunde atomu mia kadhaa za arigoni huzaliwa ndani yake.

Hili lina matokeo makubwa kwetu. Lava na majivu ya volkano yakiwa bado moto, arigoni hutoka. Yakipoa, fuwele zenye potasiamu huanza kuikusanya upya, kama kibubu kilichovunjwa kikawa kitupu, kikaanza kutumbukizwa sarafu moja moja. Anayejua sarafu zinaingia kwa mwendo gani anaweza kuhesabu kibubu kimekaa muda gani. Mary Leakey alipopata fuvu la Zinjanthropus kwenye Bonde la Olduvai mwezi Julai 1959, Louis Leakey alikadiria umri wake kuwa kama miaka 600,000. Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima arigoni katika majivu ya volkano ya tabaka lile, na mwaka 1961 wakatoa jibu: miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, maana arigoni ya hewani hujipenyeza kila mahali. Njia ya kuiondoa kwenye hesabu ni kuitazama ile ya 36: hewani kwa kila atomu moja ya arigoni-36 kuna takriban 300 za arigoni-40, kwa hiyo ukiona ya 36 unajua ni kiasi gani cha ya 40 ukitoe. Fuvu lenyewe ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Kwa kuwa arigoni hutofautiana kutoka mwamba mmoja hadi mwingine, jumuiya ya kimataifa ya kemia sasa huiandikia masafa ya uzani, kati ya 39.792 na 39.963, badala ya namba moja. Karatasi zetu za mtihani zitaendelea kuandika 40, na hakuna ubaya.

Nawaachia maswali, ila la teluriamu na iodini nalijibu kabisa, kwa sababu huulizwa kila mara. Hapo hakuna potasiamu wala volkano. Iodini ina isotopu moja tu thabiti, ya 127. Teluriamu ina nyingi, na theluthi mbili hivi ya atomu zake ni za 128 na 130. Kobalti na nikeli nazo ni hivyohivyo: kobalti yote ni 59, nikeli nyingi ni 58. Kwa nini nyota zilitengeneza isotopu hizo kwa viwango hivyo ni suala la fizikia ya viini, na idara yao iko ghorofa ya juu.