Mbwa Jike na Kisu cha Daktari: Wakati Upi Ufaao?



Familia nyingi zenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo zinazoishi ughaibuni hujikuta zina mbwa sebuleni bila ya wazazi kuwahi kulipanga jambo hilo. Watoto wameomba mwaka mzima, baba amekataa mwaka mzima, na hatimaye mbwa jike mwenye wiki nane amelazwa katika kikapu karibu na jiko. Kule nyumbani, mbwa alilala uani, akala makombo, akabweka usiku, na uzazi wake ulikuwa shauri lake mwenyewe. Huku ugenini, chanjo za mwanzo zikishakamilika, daktari wa wanyama huuliza: je, mmekwisha amua ni lini atatolewa kizazi? Mzazi aliyekuja na swali la viroboto hupigwa na butwaa.

Hata neno lenyewe lina taabu yake. Kiswahili cha wafugaji kina maneno tele kuhusu madume: kuna kuhasi, kuna maksai, kuna ndafu. Kwa upande wa majike lugha imekaa kimya, kwani mfugaji wa ng'ombe au mbuzi hakuwa na sababu ya kumzuia jike asizae. Ndiyo maana wengine husema mbwa "amefungwa kizazi", msemo uliotoka katika kliniki za uzazi wa mpango, ingawa kinachofanyika si kufunga bali ni kuondoa.

Mbwa hulazwa kwa nusukaputi, akapasuliwa tumboni, na ovari zote mbili zikaondolewa pamoja na mfuko wa uzazi. Katika baadhi ya nchi za Ulaya, Uholanzi ikiwa mojawapo, madaktari wengi huondoa ovari peke yake, na mfuko wa uzazi uliobaki bila homoni husinyaa. Ipo pia njia ya matundu madogo na kamera, ambayo humpunguzia mbwa maumivu ila huongeza gharama.

Ili kuelewa kwa nini wakati una uzito, yafaa kuujua mwendo wa mwili wa jike. Mbwa wa umbo dogo huweza kuingia katika joto la kwanza akiwa na miezi 6, ilhali walio wakubwa huchelewa hadi mwaka mmoja na nusu, pengine hata miaka 2. Joto hudumu takriban wiki 3 na hurudi kila baada ya miezi 6 au 7. Basenji, mbwa mwenye asili ya Kongo anayesifika kwa kutobweka kama wengine, ana desturi yake: kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka. Mimba huchukua siku 63 hivi, na watoto huzaliwa wengi kwa mpigo, kila mmoja akihitaji kwake.

Lakini hoja yenye uzito zaidi si watoto wasiotarajiwa. Ni usaha katika mfuko wa uzazi. Kila joto linapopita, awe amepandwa au hakupandwa, mwili wa jike huendelea kutoa homoni ya mimba kwa muda wa miezi 2 hivi. Ukuta wa mfuko wa uzazi hunenepa, na bakteria walioingia wakati wa joto hupata mahali pa kustawi. Wiki chache baadaye mbwa huanza kunywa maji kupita kiasi, hukojoa mara kwa mara, hukataa chakula, hutapika, hulala tu. Mara nyingine usaha huonekana ukitoka. Mara nyingine mlango wa kizazi umefungwa na hakuna kinachoonekana, na hiyo ndiyo hali ya hatari zaidi, kwani mfuko huweza kupasuka na sumu kusambaa mwilini. Mwenye mbwa hudhani mnyama amechoka au amekula kitu kibaya. Anasubiri kesho, na kesho huwa imechelewa. Utafiti wa nchini Sweden uliochapishwa mwaka 2001, uliotumia kumbukumbu za mbwa waliokatiwa bima, ulionyesha kwamba karibu robo ya majike waliugua ugonjwa huo kabla ya kutimiza miaka 10. Tiba ya uhakika ni upasuaji uleule, ila sasa unafanywa kwa dharura, kwa mnyama aliyedhoofika, na kwa bei kubwa zaidi.

Hoja ya pili ni saratani ya matiti. Mwaka 1969 watafiti wa Marekani waliandika kwamba jike anayetolewa kizazi kabla ya joto la kwanza hubaki na nusu asilimia tu ya hatari aliyonayo jike asiyefanyiwa. Baada ya joto la kwanza hatari hiyo ni asilimia 8, na baada ya joto la pili asilimia 26. Takwimu hizo zilirudiwa na madaktari kwa miongo kadhaa kana kwamba ni amri. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walipozipitia upya tafiti zote za jambo hilo, waliona kwamba ushahidi wake ni dhaifu kuliko ulivyodhaniwa. Hawakusema kwamba kinga haipo. Walisema kwamba haifai kuamua kila kitu kwa takwimu hizo peke yake.

Na upande wa pili wa mizani nao una uzito wake. Homoni za ovari ndizo zinazoashiria mifupa iache kurefuka. Zikiondolewa mapema mno, mifupa huendelea kukua kwa muda zaidi, na viungo vya mbwa mkubwa huweza kukosa ulinganifu. Mwaka 2013, Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichapisha uchunguzi wa mbwa 759 wa aina ya Golden Retriever. Miongoni mwa majike waliotolewa kizazi kabla ya mwaka mmoja, asilimia 8 walikatika ukano wa goti. Miongoni mwa wale ambao hawakufanyiwa, hakuonekana hata mmoja. Mwaka 2020 watafiti haohao walitoa matokeo ya aina 35 za mbwa. Kwa mbwa wadogo hawakuona ongezeko la maradhi ya viungo. Kwa jike wa German Shepherd walishauri kusubiri hadi apite miaka 2. Ajabu ni kwamba Great Dane, aliye miongoni mwa mbwa warefu kuliko wote, hakuonyesha ongezeko hilo. Ukubwa, basi, ni kielekezi kizuri lakini si kanuni isiyovunjika.

Lipo pia tatizo la kuvuja mkojo mbwa anapolala, ambalo huwapata baadhi ya majike waliofanyiwa upasuaji, hasa wenye maumbo makubwa. Aghalabu hutulizwa kwa dawa, lakini dawa hiyo huenda ikahitajika maisha yote.

Msikilizaji anayeishi Norway atakuwa ameona kwamba huko jambo hili halichukuliwi kama desturi. Sheria ya ustawi wa wanyama, iliyoanza kutumika mwaka 2010, hudai sababu ya msingi kabla ya mnyama kuondolewa kiungo, na mbwa wengi huzeeka wakiwa kamili. Marekani mambo ni kinyume. Majimbo mengi yana sheria inayotaka mbwa anayechukuliwa katika makao ya wanyama awe ameondolewa uwezo wa kuzaa, na familia huweza kumpokea mbwa mwenye alama ndogo ya kijani iliyochorwa tumboni, kuwa ni ishara kwamba kazi imekwisha fanywa. Kwa makao yaliyojaa mbwa wasio na wenyewe, suala la mifupa huja baadaye.

Kwa mwenye uhuru wa kuchagua, aliye na mbwa mdogo anaweza kuzungumza na daktari kuanzia miezi 6. Mwenye mbwa mkubwa ana sababu njema ya kungoja ukuaji ukamilike, yaani mwaka mmoja au zaidi, na akiuliza habari za aina mahususi ya mbwa wake hatakuwa msumbufu. Ikiwa joto limekwisha anza, upasuaji huahirishwa kwa kawaida hadi ipite miezi 3 hivi, kwani wakati wa joto mishipa ya damu ya kizazi hujaa, na baada yake mbwa huweza kuwa na mimba ya uongo, akatoa maziwa na kulea kiatu au mwanasesere. Madai kwamba jike ni lazima azae mara moja kwanza ili awe na afya hayana msingi.

Kungoja nako kuna masharti. Jike aliye katika joto haachwi bustanini peke yake hata kama uzio ni mrefu. Dume humnusa akiwa mbali, na uzio haumzuii jike mwenyewe kutoka.

Kule Afrika Mashariki hesabu ni tofauti kidogo. Adui mkuu ni kichaa cha mbwa, na silaha ya kwanza ni chanjo, ambayo wataalamu hutaka iwafikie mbwa 70 katika kila 100. Majike wakizaa mfululizo, vitoto wasiochanjwa huongezeka na kiwango hicho huporomoka. Anayemtumia ndugu yake fedha za kumtunza mbwa wa ulinzi angeanza na sindano, kisha kizazi.

Baada ya upasuaji, mbwa huvishwa kola pana ya plastiki asilambe mshono, hutembezwa kwa kamba tu, na nyuzi zisizoyeyuka hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Tangu hapo mwili wake huhitaji chakula kidogo kuliko zamani, ingawa hamu yake huongezeka. Watoto wa nyumba wajulishwe mapema, maana wao ndio watakaokuwa wakimdondoshea chapati chini ya meza.