Mbio za Vilimani: Wa Mbele Amngoje wa Nyuma



Wahenga walisema kwamba kwenda mbio siyo kufika. Maana ya maneno hayo inafahamika vema huko kaskazini ya Uingereza, katika nchi ya milima na maziwa iitwayo Lake District. Watu wa huko wana desturi ya kukusanyika jioni, au siku ya mapumziko, na kukimbia pamoja juu ya vilima vya jirani. Hakuna zawadi wala mshindi. Wamo vijana na wazee, wanawake na wanaume, wenye mbio na wasio na mbio. Kanuni yao kubwa ni moja, nayo ni hii: kundi zima huenda kwa mwendo wa yule aliye mnyonge kuliko wote.

Pengine mtu wa Kenya atacheka akisikia urefu wa milima hiyo. Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza yenyewe, ukiacha Scotland na Wales, una futi 3,209 tu. Mji wa Nairobi uko juu zaidi ya hapo. Lakini asicheke upesi. Mahali pengi hapana njia iliyotengenezwa, bali mawe, majani yenye utelezi, na matope meusi yanayomeza mguu hata gotini. Ukungu huweza kushuka kwa dakika chache, mtu asione hatua 20 mbele yake. Mvua ya huko ni baridi, na upepo wa kileleni hupenya nguo iliyolowa jasho. Anayekimbia haoni baridi. Akisimama tu, baridi humwingia.

Basi kanuni hiyo hutendekaje? Kabla ya kuondoka, kiongozi huwahesabu watu na kuwaeleza njia. Kila mmoja huchukua koti la mvua, kofia, chakula kidogo na filimbi. Ramani na dira ni lazima. Mtu mmoja mwenye nguvu na subira huwekwa nyuma kabisa, naye hampiti mtu yeyote. Wenye mbio hutangulia mpaka kileleni au penye lango la ua wa kondoo, na hapo hungoja. Malango nayo huachwa kama yalivyokutwa, maana kondoo wakitoka ni hasara ya mfugaji.

Katika kungoja liko kosa moja ambalo wengi hulifanya bila kujua. Wa mbele hupumzika dakika kumi. Mara tu wa mwisho atokeapo akihema, wao husimama wakaondoka. Kwa hiyo mwenye nguvu amepumzika, na aliyechoka hakupumzika hata kidogo. Kiongozi mwema hutoa amri ya kuondoka baada ya wa mwisho kupata pumzi, kunywa maji na kula kitu.

Hata mashujaa wa milima hiyo walihitaji wenzao. Mwaka 1932 Bob Graham, mwenye nyumba ya wageni katika mji wa Keswick, alivizunguka vilele 42 kwa saa 23 na dakika 39. Ulikuwa mwendo wa maili zipatazo 66, na jumla ya kupanda kwake ilikuwa kadiri ya futi 27,000. Marafiki walimsindikiza katika safari hiyo. Miaka 28 ilipita kabla ya mtu mwingine, Alan Heaton, kufaulu mwaka 1960. Tena chama cha waliomaliza mzunguko huo hakimwandiki mtu ila awe na shahidi katika kila kilele. Yaani sifa ya mmoja haithibitiki pasipo mwenzake.

Umuhimu wa mwenzi ulionekana tena mwezi wa Oktoba, 2008. Watu wapatao 2,500 walikuwa katika mashindano ya siku mbili milimani huko Borrowdale ilipowajia tufani kubwa ya mvua na upepo. Mashindano yalivunjwa, na habari zilienea kwamba mamia ya watu wamepotea. Kumbe wengi wao walikuwa salama. Walikuwa wakienda wawili wawili, nao walibeba mahema na chakula, wakajua namna ya kujikinga mpaka asubuhi.

Yampasa kila aendaye mlimani ajue dalili za baridi kali. Mtu huanza kutetemeka, kisha hujikwaa mara kwa mara, maneno yake huwa mazito, naye huwa mkali au mkimya kuliko desturi yake. Hatari yenyewe ni kwamba yeye hajijui. Akiulizwa, hujibu, “Niko salama, endeleeni tu,” kwa kuwa akili imekwisha kulegea, au kwa kuwa anaona haya kuwachelewesha wenziwe. Kwa sababu hiyo jibu lake pekee halitoshi. Ni juu ya mwenzake kumtazama usoni. Akiona dalili hizo, amkinge na upepo, amvike nguo kavu, ampe kitu kitamu, kisha kundi lote litelemke pamoja naye. Msaada ukihitajiwa, filimbi hupigwa mara sita katika dakika moja, hunyamazwa dakika moja, kisha hupigwa tena.

Mambo haya si ya Uingereza peke yake. Mkenya Patrick Kipngeno alishinda mbio za dunia za kupanda mlima mwaka 1922? La, si zamani hivyo: ni mwaka 2022, akashinda tena mwaka 2023. Huko Iten wakimbiaji hutoka alfajiri kwa makundi, si mmoja mmoja. Na vilima vya Ngong, pamoja na miteremko ya Mlima Kenya, vina ukungu na upepo wake. Vijana wa kijiji au wa mtaa wakitaka kuanzisha mbio za namna hii, hawahitaji fedha nyingi. Wanahitaji kiongozi anayeijua njia, na wenye nguvu walio tayari kungoja.

Mwisho wa safari, kabla ya chai na maongezi, kiongozi huhesabu tena. Wakiwa walitoka kumi, na warudi kumi.