Haki za Wanajeshi Wastaafu na Familia Zao

Leo tunazungumza na waliotumikia jeshi la Kenya, wake na waume zao, na mayatima wa waliotutoka, wakiwemo waliofia Somalia tangu majeshi yetu yalipoingia huko Oktoba 2011.

Mwaka 2022 Kenya ilipata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu. Kwa hiyo mstaafu anapouliza kuhusu stahili zake, haombi sadaka, anadai haki yake.

Mama mjane, ukitaka kudai stahili za mumeo, anza na karatasi. Tafuta cheti cha kuachishwa jeshi na nambari ya utumishi ya marehemu. Ongeza kitambulisho, cheti cha ndoa, cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya chifu. Cheti cha kuzaliwa au cha kifo kikipotea, ulizia Huduma Centre mjini Nyeri.

Kisha linganisha majina, herufi kwa herufi. Kitambulisho kikisema Kariuki na cheti cha ndoa kikisema Karioki, faili itakwama. Pata hati ya kiapo mapema.

Chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, kinaweza kukuelekeza. Idara ya Pensheni iko Bima House, Nairobi.

Jihadhari na matapeli wanaodai watakuharakishia malipo. Usimpe yeyote nambari yako ya siri ya benki wala vyeti halisi, toa nakala.

Mzee, waonyeshe jamaa zako leo mahali unapoweka karatasi hizo. Usiwaachie kazi ya kuzitafuta wakiwa matangani.