Kidole Kisichosomeka: Wazee Wetu na Sera ya Teknolojia



Mwaka 2003 nchi yetu ya Tanzania ilitunga sera mbili: Sera ya Taifa ya Wazee, na Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Ya kwanza ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Ya pili iliiandaa nchi kwa kompyuta, simu na intaneti, nayo iliandikwa upya mwaka 2016. Zilizaliwa mwaka mmoja kama pacha, lakini katika maisha ya kila siku zimekua kama watoto wasiofahamiana.

Tukumbuke zoezi la kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Mwenye laini alitakiwa kuwa na namba ya kitambulisho cha Taifa, kisha aweke kidole kwenye mashine. Mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Foleni tuliziona wenyewe. Tuliwaona pia wazee waliofika mbele ya mashine wakarudishwa. Mikono iliyoshika jembe miaka 50, ikafua, ikapasua kuni na kufinyanga vyungu, mistari ya vidole vyake hufifia. Mashine haiyajui hayo. Husema tu kwamba kidole hakisomeki.

Pasipo laini, mzee hapokei fedha anazotumiwa na mwanawe aliye mjini. Na hata akiwa nayo, asipoweza kusoma maandishi yale madogo humkabidhi mjukuu au wakala simu pamoja na namba ya siri. Wapo wanaomtendea haki, na wapo wanaompunguzia. Akiisha kuibiwa, huulizwa kwanza kwa nini alitoa namba yake! Swali hilo twaliona si la haki, kwa maana hakuachiwa njia nyingine.

Hatuombi teknolojia irudishwe nyuma. Fedha kufika kijijini bila mtu kupanda basi ni msaada mkubwa, na wazee wenyewe wanalijua hilo. Tunachodai ni kwamba iwepo njia nyingine halali pale kidole kinapokataa, na dirisha la ofisi lenye mtu wa kumsikiliza mzee lisifungwe. Mabaraza ya wazee yapo. Yaulizwe kabla sera haijapitishwa, si baada.

Nasi tujihoji. Siku hizi matangazo ya jumuiya hupita kwenye WhatsApp, na bibi asiye na simu ya kisasa husikia habari za msiba baada ya mazishi.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa jumuiya wawatembelee wazee nyumba kwa nyumba, na kwa ridhaa yao waandike majina ya wale wasio na kitambulisho, au ambao vidole vyao vimekataliwa. Namba ya siri ya mtu yeyote isiandikwe. Orodha iletwe kwa Kamati ya Haki na Amani ya parokia, nasi tutaifikisha kwa afisa ustawi wa jamii.