Kodi ya Mwezi, Pesa ya Msimu

Leo nataka tuzungumzie vyumba vya kupangisha. Maghorofa ya Dar es Salaam tuyaache, na nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa tuziache. Nazungumzia vyumba vinne vya tofali za kuchoma, bati juu, choo uani, ambavyo mjane, mwalimu mstaafu au mkulima wa tumbaku amevijenga pale Litapunga, hapa kwetu Katavi, kwa pesa aliyoidunduliza msimu baada ya msimu. Nami ninavyo vyumba kama hivyo, kwa hiyo ninayoyasema yamenipata.

Tuanze na watu. Sensa ya mwaka 2012, mwaka uleule mkoa wetu wa Katavi ulipozaliwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Miaka kumi tu, na tumekuwa zaidi ya mara mbili. Ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka halikufikiwa na mkoa mwingine wowote wa Tanzania Bara. Wamekuja wakulima na wafugaji, wamekuja wachimbaji wadogo wa dhahabu, walimu wa ajira mpya, wauguzi, mafundi, vijana wa bodaboda. Jiulize, watu hao walilala wapi usiku wa kwanza? Aliyekuwa na ndugu alipokelewa na ndugu. Asiye na ndugu alipanga chumba. Na chumba hicho, mara nyingi, kilijengwa na mtu wa kawaida kabisa, jirani yako.

Lakini jina la mwenye nyumba katika nchi hii lina historia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kumiliki nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikatunga sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nia ilikuwa kuzuia unyonyaji, na wanyonyaji walikuwepo. Nyakati zimebadilika, sheria zimebadilika, ila dhana imebaki: mwenye nyumba ni mtu aliyeshiba. Ndiyo maana mpangaji akikaa miezi minne bila kulipa, majirani humwambia mwenye nyumba, "Mvumilie, wewe unacho."

Basi tufanye hesabu ya huyo anayesemwa anacho. Vyumba vinne, kila kimoja shilingi 20,000 kwa mwezi. Hiyo ni 80,000 kwa mwezi, 960,000 kwa mwaka, kama vyote vimejaa na wote wamelipa. Havijai vyote, wala hawalipi wote. Chumba kimoja kikikaa kitupu miezi mitatu, 60,000 imekwenda. Mpangaji mmoja akiondoka na deni la miezi miwili, 40,000 nyingine. Mvua za kwanza za Novemba zinakuja na upepo, bati mbili zinafumuka. Ukipanda kuzirudishia unakuta mchwa wamekula kenchi. Shimo la choo limejaa, na kwetu kijijini shimo likijaa, dawa yake ni kuchimba jipya: mchimbaji alipwe, tofali, saruji, mlango. Kinachobaki mwisho wa mwaka ndicho ada ya mtoto na dawa ya shinikizo la damu. Mjane au mkulima wa namna hiyo hana pensheni nyingine.

Sasa nije kwenye kiini cha ugomvi wetu. Kodi tunaidai kwa mwezi, ama kwa miezi sita ya mbele kama walivyozoea mijini. Lakini pesa ya Katavi haiingii kwa mwezi. Inaingia kwa msimu. Mvua zetu zinaanza Novemba, zinaisha Aprili. Mahindi, karanga na mpunga vinavunwa mvua zikiisha. Tumbaku inauzwa kupitia chama cha msingi cha ushirika, na malipo yanafuata baadaye, mara nyingine yanachelewa. Mwezi wa kwanza na wa pili, mkulima amekwisha kuzika pesa yake ardhini, mbegu na mbolea. Ukimgongea mlango Februari, mvua inapiga bati, utakuta amejiinamia. Hana jeuri wala dharau. Hana pesa.

Nilijifunza hili kwa hasara. Nilikuwa na mpangaji, kijana mkulima, mke na mtoto mmoja. Mwezi wa kwanza nikamdai kodi ya miezi sita. Akaniambia, "Mzee, nivumilie hadi mwezi wa sita, nitakulipa yote." Nikakataa. Nikamwambia taratibu ni taratibu. Kijana yule akauza mahindi yake yakiwa bado shambani, kwa bei ya kutupa, akanilipa hadi shilingi ya mwisho. Mwezi wa sita alivuna mahindi ambayo hayakuwa yake. Mwezi wa saba akahama. Chumba changu kikakaa kitupu mpaka mwezi wa kumi. Yeye alipoteza mavuno, mimi nikapoteza mpangaji mwaminifu. Utaratibu nilioung'ang'ania haukumnufaisha yeyote.

Mchimbaji naye ana kalenda yake. Duara, yaani shimo lake la dhahabu, likitoa mawe mazuri, atakulipa miezi mitatu kwa mkupuo na kukununulia soda. Duara likikauka, au ikisikika dhahabu imelipuka sehemu nyingine, unaamka asubuhi mlango uko wazi, godoro halipo, ufunguo haupo, na deni limekwenda naye. Mwalimu na muuguzi wana mwisho wa mwezi, na wengi wao ni wapangaji wazuri, ila barua ya uhamisho haibishi hodi. Wapangaji watatu katika uwanja mmoja, kalenda tatu. Sisi tunawapa wote sharti moja, halafu tunashangaa kwa nini kila mwaka ni ugomvi.

Kuna umeme pia. Umeme wa REA umefika vijijini, mtu anaunganishiwa kwa shilingi 27,000, na tunashukuru. Lakini mita ya LUKU ni moja, vyumba ni vinne. Huyu ana balbu moja, yule ana friji na pasi, na mchango ni sawa kwa sawa. Wasiwe maadui kwa namna gani? Na kwa mwenzangu mwenye nyumba mjini Mpanda: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayekatwa ni anayenunua umeme, yaani mpangaji wako. Kodi hiyo ni yako wewe mwenye jengo. Mrudishie kwenye kodi ya chumba, hata kama hajakuuliza. Kiasi kidogo hicho kisivunje uaminifu wa miaka.

Msikilizaji, deni likikomaa, nini hufuata? Wengine hupiga kufuli mlango wa mpangaji. Wengine hung'oa mlango wenyewe, au huezua bati mtu akiwa ndani na watoto. Naelewa hasira zao, maana njia ya haki ni ndefu. Kabla ya mwaka 2021 Baraza la Kata liliweza kusikiliza mgogoro wa ardhi na nyumba na kuamua. Tangu marekebisho ya mwaka huo, baraza linasuluhisha tu, na limepewa siku 30. Likishindwa, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa deni la shilingi 60,000, nauli na siku za kazi zilizopotea zinaweza kumaliza deni lenyewe. Na baraza la zamani la nyumba la mkoa, lililokuwa chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984, halipo tena. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005.

Hata hivyo, kufuli si haki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayepangisha amwache mpangaji wake akae bila bughudha, na pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, paa na kuta kuu ni jukumu lake yeye. Ukiezua bati, umeibomoa nyumba yako na haki yako kwa mkono mmoja. Kesho mdaiwa atakuwa wewe.

Basi tufanye nini? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nashauri mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, karatasi. Ukurasa mmoja, nakala mbili, kwa Kiswahili, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Iandike kodi ni kiasi gani, inalipwa lini, umeme unagawanywaje, choo kikijaa nani anagharamia, na anayetaka kuondoka au kumwondoa mpangaji atoe taarifa ya muda gani. Kila malipo yaandikwe na yasainiwe na wote wawili. Msiseme "tunaaminiana." Wanaoaminiana ndio wanaoandikiana.

La pili, kalenda. Mkulima alipe sehemu kubwa ya kodi ya mwaka baada ya mavuno, mwezi wa sita au wa saba, na kidogo tu wakati wa mvua. Mchimbaji alipe mwezi kwa mwezi, kwa kutanguliza, na aweke amana ya mwezi mmoja ambayo atarudishiwa akikabidhi ufunguo. Mwenye mshahara alipe mshahara ukiingia. Vyumba ni vilevile, kodi ni ileile, kinachobadilika ni tarehe.

La tatu ni ombi kwa serikali zetu za vijiji na kwa Halmashauri yetu ya Nsimbo. Wekeni fomu ya mkataba wa upangaji katika ofisi ya kila mtendaji, nyepesi, ya bei ya karatasi tu. Mkoa unaokua kwa kasi hii hauwezi kuacha makazi ya wageni wake yategemee maneno ya mdomo.

Na wewe mpangaji unayenisikiliza, usiondoke usiku. Kama pesa imekwama, sema mapema, kabla siku ya kodi haijafika. Chumba unachokimbia leo kilikupokea siku ulipokuwa huna mtu hapa.

Kwa wenzangu wenye nyumba, pale Litapunga na mkoa mzima, neno langu la mwisho ni hili. Mgeni akija kesho kuulizia chumba, kabla hujamtajia bei, muulize kwanza: pesa yako inaingia mwezi gani? Jibu lake liandikeni pamoja.