Toba Irudishe Kilichochukuliwa



Nawashukuru kwa kunialika kutoka Mbarara nije kufunga semina hii ya upatanisho. Kambi hii ya Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na ninyi mnaishi jambo ambalo sisi tunalihubiri tu. Kwenye foleni ya bomba, mama aliyekimbia Kivu huweka dumu lake nyuma ya dumu la mtu ambaye ndugu zake walimchomea nyumba. Jumapili wanakaa benchi moja.

Kwa mwenye dhambi, mlango wa kanisa uwe wazi. Yesu aliingia kwa Zakayo kabla Zakayo hajaungama lolote. Lakini Zakayo naye alisimama akaahidi kuwalipa mara nne aliowadhulumu. Walokole wa uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, hadi huku kwetu Uganda miaka ya 1930 waliungama hadharani, kisha wakarudisha vya wizi kwa wenyewe.

Tena, kusamehe si kunyamaza. Februari 1977 Askofu Festo Kivengere na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga ukatili wa askari wake. Tarehe 16 Askofu Mkuu wao, Janani Luwum, akauawa. Kivengere na mkewe wakavuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda. Akiwa uhamishoni alikiri kwamba chuki ilikuwa imemjaa, akamwomba Mungu amwondolee. Ndipo akamsamehe Amin, ambaye hakuwa ameomba msamaha, na bado akaendelea kuyataja maovu yake.

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Kwa hiyo, wachungaji wangu, nawaomba mambo matatu. Anayetubu wizi, mzee wa kanisa amsindikize akarudishe mali. Aliyeumizwa asisukumwe kutamka msamaha mbele ya watu ili ibada ipendeze. Apewe muda, na mtu wa kumsikiliza. Na palipo na ubakaji au damu, twende polisi, kwa maana sala haifuti kesi. Aliyefungwa, mtembeleeni, akitoka, mpokeeni.

Tukifanya hivyo, mkosaji atapata pa kurudi, na aliyekosewa hatalazimika kulihama kanisa.

Kwa maneno hayo, natamka kwamba semina hii imefungwa rasmi.